Wote Waliitikia, Isipokuwa Syombua

Tulimzika Syombua Jumamosi iliyopita, na nusura nivuruge mazishi. Mpwa wake alisimama na karatasi yake, akasafisha koo, akasoma wasifu wa marehemu kwa sauti nzuri ya kanisani: kwamba alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akafiwa na mume mapema, na kwamba katika maisha yake yote alikuwa mama wa amani ambaye hakuwahi kumpinga mtu. Waombolezaji wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa safu ya pili chini ya hema, na nikahisi miguu inataka kuninyanyua. Jirani yangu akanishika mkono akidhani nimezidiwa na uchungu. Uchungu nilikuwa nao, tena mwingi, lakini kilichonipandisha pale ni hasira. Hakuwahi kumpinga mtu! Syombua huyu ninayemjua mimi! Nilinyamaza kwa kuwaheshimu watoto wake. Nilipofika nyumbani nilivua viatu, nikachukua daftari, nikaketi mezani kabla hata ya kuchemsha chai. Hii si mara ya kwanza Syombua kuandikwa kwamba alikubali jambo ambalo alilikataa. Mara ya kwanza, aliyeandika ni mimi.

Sitawachosha na habari za ukoo wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, jina langu Mwikali, na kitu pekee nilichojivunia duniani kilikuwa mwandiko wangu. Kwa ajili ya mwandiko huo nilichaguliwa kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wachongaji huku kwetu, upande wa Wamunyu. Si kile kikubwa ambacho wageni hupelekwa kupiga picha. Chetu kilikuwa kidogo, barabara ya vumbi, jengo la vyumba viwili na veranda. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa ofisi: meza yenye mguu mmoja mfupi uliotegemezwa kwa kiboko wa mbao aliyevunjika kichwa, benchi mbili, kalenda ya duka la mbegu. Nyuma yake, kwa mlango wa wavu, ndiyo stoo, na humo twiga, swala na tembo walipangwa hadi darini, kila mmoja akiwa na kibandiko cha jina la aliyemchonga. Mwanachama alileta kazi yake, ikaandikwa, ikasubiri mnunuzi. Wanaume walichonga chini ya miti na tezo zao, na kina mama walikaa verandani wakipiga msasa na kung'arisha kwa rangi ya viatu, hata vidole vyao havikutakata mpaka Krismasi. Harufu ya rangi ile iliingia ofisini, ikaingia kwenye chai, ikaingia kwenye kitabu cha kumbukumbu za mikutano. Naamini mpaka leo ukikifungua utainusa.

Kamati ilikuwa na watu watano, na mimi wa sita niliyeandika bila kura. Mwenyekiti alikuwa Mzee Muindi, mchongaji wa tembo, mzee wa kanisa, mtu mrefu aliyependa umoja kuliko chakula. Nasema hivyo bila kejeli. Hakuwahi kuchukua hata kipande cha msasa kisicho chake. Wajumbe watatu wengine walikuwa wanaume wa rika lake waliomfuata kama ng'ombe wanavyofuata njia ya mtoni, na wa tano alikuwa Syombua, aliyechaguliwa na kina mama wa msasa. Alikuwa mjane wa miaka arobaini hivi, mfupi, mwenye shamba dogo la mteremko na ng'ombe wawili, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake: alisoma. Kanuni za chama zilizochapishwa katika kijitabu cha kijani, ambacho wengine walifungia ugoro, yeye alizisoma jioni na kuzijua kwa namba.

Lazima nieleze jinsi tulivyokuwa tukiamua mambo, maana hapo ndipo kosa letu lilipozaliwa, na sidhani lingezaliwa kwingine. Hatukupiga kura. Kuinua mikono kulionekana ni kugawana, na Mzee Muindi alisema mikono ni ya kazi na siasa tuwaachie wanasiasa. Mkutano ulianza kwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na mbaazi, kutoka sufuria moja, kila mtu na kijiko chake, tukiongea kuhusu mvua iliyokataa kunyesha na mbuzi wa fulani. Kisha jambo likazungumzwa, likazungukwa, likachoka. Halafu mwenyekiti akasimama na kusema, "Tuliombee," akaliombea, na sisi tukajibu Amina. Amina hiyo ndiyo iliyokuwa kura. Baada ya sala hapakuwa na neno tena, kwa sababu nani atabishana na jambo lililokwisha kufikishwa kwa Mungu? Na mimi niliandika, kwa mwandiko wangu mzuri, maneno yale yale kila mara: wote waliitikia. Tuliona huo ndio ustaarabu. Ningali napenda sana sala, na mkutano wowote ninaousimamia huanza kwa sala. Ila haumalizwi kwayo.

Siku yenyewe alikuwa amekuja mnunuzi kutoka Nairobi, kijana nadhifu mwenye viatu visivyoshika vumbi, nami mpaka leo sijui alivifanyaje. Alitaka mzigo wote. Si twiga kumi, si tembo ishirini: stoo nzima, apeleke nje ya nchi, na malipo ayalete meli ikishafika. Aliacha barua yenye muhuri na maneno mengi, akatoka akasubiri nje huku akiwasifu kina mama. Ndani, wajumbe walikuwa na furaha ya watu walioona kiangazi kirefu. Nasi tulikuwa na njaa kweli, sitaki mtu awahukumu bila kukumbuka hilo. Mzee Muindi alisimama. "Ndugu zangu, hii maneno tumeongea ya kutosha," akasema. "Mungu amefungua mlango. Tuiombee." Akaomba sala ndefu, akamshukuru Mungu kwa meli ambayo hakuna aliyeiona. Amina, wakasema wanaume watatu. Amina, nikasema mimi. Mdomo wa Syombua ulibaki umefungwa.

"Mwenyekiti, mimi sijaitikia," akasema.

"Mwaitu, mama yetu, tumeshaomba."

"Mmeomba nyinyi. Mimi niko na swali. Kanuni ya kumi na mbili inasema aje? Inasema mali ya wanachama haitoki kwa stoo bila malipo, mpaka mkutano mkuu ukubali. Hii mali si yetu. Sisi ni wachungaji tu wa mbuzi ya watu."

Mmoja wa wale watatu akacheka, akasema wanawake wakisoma kijitabu kimoja wanakuwa mahakimu. Mzee Muindi hakucheka. Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mgumu kuushinda, "Mwaitu, hata kwa nyumba watu hawakubaliani, lakini hawaendi kutangaza sokoni." Kisha akanigeukia mimi, kalamu yangu ikiwa hewani. "Mwikali, hiyo si ya kuandika. Kitabu kinasomwa Machakos, kwa ofisi ya ushirika. Aibu ya nyumbani haiandikwi." Syombua akanitazama. Alinitazama tu, akasubiri, jinsi mtu anavyosubiri chenji yake dukani. Nami nikainamisha kichwa nikaandika: Wote waliitikia. Nikapiga mstari chini kwa rula. Sikuwa naogopa chochote, na hilo ndilo linaloniuma. Nilitaka tu mzee ninayemheshimu aendelee kunisifu mwandiko.

Siku hizi huitwa kufundisha kamati za vyama, na mwezi jana nilikuwa Syokimau na vijana wa chama cha akiba, watu wa maofisini wanaopanda treni asubuhi na kompyuta mgongoni. Niliwaambia kwamba afisa wa chama anawajibika kwa hasara iliyotokana na kuvunja kanuni, hata kama hakuweka kitu mfukoni, na kwamba wanakamati huwajibika wote pamoja na kila mmoja peke yake, maana yake mmoja anaweza kudaiwa kwa niaba ya wote. Kijana mmoja mwenye miwani akainua mkono. "Sasa mathe, si ni chair alidecide? Sisi tulikuwa tu hapo." Nikamwambia kwamba huko kuwa hapo tu ndiko kesi yenyewe. Darasa likacheka, nami nikacheka nao, lakini sikuwa natania. Sheria haikuuliza katika mwaka ule wetu ni nani aliyeiba. Iliuliza nani alikuwepo, alijua nini, na alifanya nini alipojua. Maswali hayo mtu mwema anaweza kuyashindwa yote matatu akiwa na moyo safi kabisa.

Lori lilipakia siku mbili. Kisha ikaja miezi ya kusubiri. Stoo tupu ilitoa mwangwi, ukikohoa ofisini unajisikia mara mbili. Mzee Muindi alipanda basi mara tatu kwenda Nairobi kutafuta ofisi iliyoandikwa kwenye barua, na mara ya tatu alirudi akakaa kwenye benchi bila kuvua kofia. Palikuwa duka la mapazia. Verandani kina mama hawakuwa na cha kung'arisha, lakini waliendelea kuja, wakakaa na mikono mitupu, na mimi ndani niliwasikia kupitia dirisha. "Wanasema kamati yote ilikubali," alisema mmoja. "Hata huyu wetu?" "Hata huyu. Iko kwa kitabu." Syombua alikuwa anapita na ndoo, aliyasikia kama nilivyoyasikia mimi. Alitua ndoo, akapumzika kidogo, akaibeba tena. Hakuwaambia ulikuwa uongo. Nilijiuliza kwa nini, na baadaye nikaelewa: angesema, nani angemwamini yeye mbele ya kitabu?

Wanachama walipeleka malalamiko, na afisa wa ushirika akaja kutoka Machakos mjini. Tumwite Bwana Wafula. Alikuwa mtu mpole mwenye mafua ya kudumu, alikaa kwenye meza yetu yenye kiboko chini ya mguu, akasoma kitabu changu ukurasa baada ya ukurasa huku akipangusa pua. Nilikaa mbele yake. Alifika kwenye ukurasa wa siku ile, akausoma mara mbili. "Mwandiko wako ni mzuri sana," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani sifa hiyo ilinichoma. Kisha akanieleza hali ilivyo. Wajumbe watano walitoa mali kinyume cha kanuni, kwa hiyo watano watafidia, na asiyeweza, alichonacho kitauzwa. "Kama mmoja angekataa na ikaandikwa, huyo nisingemgusa. Lakini hapa naona wote." Nikamuuliza, na mimi je? Akafungua kijitabu cha kijani. "Wewe huna kura. Kazi yako ni kuandika yaliyosemwa. Kama uliandika yaliyosemwa, wewe huna kosa." Alikunja kitambaa chake akakirudisha mfukoni. Mkutano mkuu ungekuwa Jumamosi, hapo angesoma majina.

Jioni hiyo niliingia jikoni kwa Syombua kabla jua halijazama. Nilikuwa na kitabu kwenye kikapu, chini ya sukuma wiki. Jiko lake lilikuwa jeusi na safi, mawe matatu, kibuyu cha maziwa ukutani, na mlangoni ng'ombe wake wawili walikuwa wanatafuna mabua ya mahindi, wamefungwa kwa kamba moja. Nikawatazama nikajua ndio watakaoenda kwanza, kisha mteremko wenyewe. Alinipakulia muthokoi. Nikamwambia, karibu nilie, kwamba chini ya ule mstari wa rula pana nafasi, kalamu ni ile ile, na naweza kuandika kwamba alikataa, hakuna atakayejua. Alikula kijiko kimoja, akatafuna polepole.

"Ukiandika leo maneno ya wakati huo, sasa hata mimi nitakuwa mwongo kama hicho kitabu yako," akasema.

"Lakini mwaitu, ng'ombe..."

"Ng'ombe naziona. Wewe msichana, mwiitu, si uko na mdomo? Kama unataka kusema, utasema na mdomo, mbele ya watu, na mimi nikiwa nimekaa hapo. Kama hutaki, kula chakula yako uende."

Nilikula. Sikumwahidi kitu, na yeye hakuniomba. Watu huniuliza kama alinisihi, na ninawaambia hapana, na hawapendi jibu hilo. Hata chumvi alinipa bila kuniangalia.

Jumamosi wanachama walijaa hadi nje ya veranda. Mzee Muindi alinikuta nikifuta benchi, akasimama karibu yangu. Alikuwa amekonda. "Mwikali, mimi nimekubali yangu," akasema. "Nitauza fahali. Lakini wewe bado msichana, usijitie kwa hii maneno." Alikuwa anajua nilichofikiria kusema, na alikuwa ananihurumia kikweli, kama baba. Nilimpenda sana wakati huo, na ndipo nikaelewa jinsi nilivyoweza kuandika uongo bila kutetemeka. Ni rahisi sana kumdhulumu mtu mmoja kwa kumpenda mwingine. Bwana Wafula alifungua kikao, akaeleza sheria kwa Kiswahili chake cha ofisini, akaanza majina. Muindi. Akasoma wale watatu. Alipofungua mdomo kusoma la tano, nilisimama.

"Bwana afisa, Syombua hakuitikia," nikasema. "Alikataa, akataja kanuni ya kumi na mbili. Nilisikia. Niliambiwa nisiandike, sikuandika. Nikaandika wote."

Kelele iliyofuata siwezi kuieleza. Mmoja wa wale watatu alipiga kelele kwamba nimehongwa, kwamba kitabu ndicho kitabu. Bwana Wafula alisubiri watulie, akapangusa pua. Akamuuliza Mzee Muindi kama ni kweli. Mzee alisimama, akavua kofia, akaiweka juu ya benchi. Angesema hapana, ningekuwa mwongo na mambo yangeishia hapo. "Ni kweli," akasema. "Mimi ndiye nilisema isiandikwe." Akaketi. Ndipo afisa akanigeukia tena. "Binti, unaelewa ulichofanya? Kazi yako ilikuwa moja. Kama ungeandika yale maneno, ofisi yetu ingeyaona mapema kitabu kilipoletwa kukaguliwa, na mzigo pengine ungezuiwa njiani. Nikimtoa yeye, nakuweka wewe." Nikasema naelewa. "Basi taja majina yako yote." Nikayataja, matatu, polepole, asikosee herufi.

Hasara iligawanywa, na kwa kuwa mali iliyopotea ilikuwa michongo, mkutano ulikubali, safari hii kwa mikono, kwamba anayeweza kulipa kwa kazi alipe kwa kazi. Mzee Muindi aliuza fahali wake na bado akachonga tembo wa stoo miaka miwili bila kibandiko cha jina lake, na wanachama walizidi kumheshimu. Mimi sikujua kuchonga. Fungu langu liliwekwa kuwa kupiga msasa twiga mia mbili, na mwalimu wangu akawa Syombua. Usidhani alinishukuru kwa siku ile. Siku ya kwanza alinipa msasa mkali, akanionyesha goti la twiga, akasema anza hapo, na nilipomaliza akapitisha kidole akarudisha. Alirudisha mara nne. Nilipaka rangi ya viatu hadi kwenye nyusi. Mchana tulikula sufuria moja, naye akanisomesha kanuni kwa namba, kanuni na msasa, msasa na kanuni, na kila ninachowafundisha watu leo nilikipata kwenye veranda ile nikiwa na vumbi la mbao puani. Kitabu niliendelea kukiandika, kwa sababu Bwana Wafula alisema hadi uchaguzi ujao hapana mwingine wa kukiandika, na kwamba anadhani mimi ndiye sitakosea tena.

Mwaka ulipokaribia kwisha, uchaguzi ulifanyika, Syombua akawa mwenyekiti nami nikabaki katibu. Katika mkutano wa kwanza wa kamati mpya, mjumbe mmoja kijana, mtu mwenye huruma, alisimama akasema Mwikali ameadhibiwa vya kutosha, vidole vyake vimechubuka, amesema ukweli, basi yale mabaki asamehewe. Chumba kizima kikafurahi. Mimi nilitazama chini nikiona haya, lakini moyoni nilikuwa nimeshanawa ile rangi mikononi. Syombua aliuliza nani anaunga mkono, mikono ikainuka yote isipokuwa mmoja. Akauliza nani anapinga, akainua wake mwenyewe, mweusi wa rangi hadi kwenye kifundo.

"Bado twiga kumi na nne," akasema. "Ni za wanachama. Sisi hatuwezi kusamehe kitu ya watu." Wakamzidi kwa kura, lakini alinigeukia, akanitazama kwa jicho lile lile la siku ile, na kusubiri. "Andika."

Nikaandika kwamba mwenyekiti alipinga, na sababu yake, neno kwa neno, kisha nikamsomea kwa sauti. Akasema ni sawa. Asubuhi yake nilifika verandani kabla ya kila mtu, nikachukua msasa, nikaketi na twiga wa kwanza kati ya wale kumi na wanne.